Kujenga Chumba cha Seva Mombasa: Pa Kukiweka, na Jinsi ya Kukipooza Bila Bili Kukumeza

Kabla ya kuulizia bei ya kiwanja au ya AC, ifahamu namba moja: nukta ya umande. Hiki ni kiwango cha joto ambacho hewa ikipozwa hadi kukifikia, mvuke wake huanza kugeuka maji, kama matone yanayotokea juu ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mchana wa Machi mjini Mombasa, joto likiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 65, nukta hiyo ni kama 24.6. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, joto likashuka hadi 21 na unyevu ukapanda hadi asilimia 90, bado ni 19 na ushei. Nairobi, mchana wa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 45, ni 12 hivi.

Mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa ubaridi na hewa, ambao watengenezaji wa seva huufuata, unapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na nukta yake ya umande isizidi 15. Kwa hiyo anayejenga Nairobi anaweza kuivuta hewa ya nje, akaichuja na kuipuliza ndani kwa saa nyingi za mwaka, kompresa za AC zikiwa zimelala. Wewe wa Mombasa huna nafasi hiyo hata Julai usiku wa manane. Kompresa zako zitafanya kazi saa 8,760 kwa mwaka, na sehemu ya kazi yenyewe ni kukamua maji hewani.

Wengine huuliza: bahari si tunayo? Google huko Hamina, Finland, hupooza kituo chake kwa maji ya bahari, lakini maji yale ni ya Ghuba ya Finland. Maji ya juu ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29 mwaka mzima. Yanaweza kupokea joto la kompresa, lakini hayawezi kuchukua nafasi yake, na utahitaji vibadilisha joto vya titani na mtu wa kukwangua viumbe wa baharini ndani ya mabomba. Kwa chumba chini ya megawati kadhaa, achana na wazo hilo.

Kwanza amua nini kikae Pwani

Mombasa ina sababu moja kubwa ya kuwekewa seva, nayo ni nyaya za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy 2010, na nyingine zimefuata. Baadhi hutua upande wa Nyali. Ndiyo maana kuna vituo vya data vya kukodisha nafasi kama kile cha kampuni ya icolo kule Miritini, na ndiyo maana joto na chumvi havikuwazuia waliovijenga.

Lakini sababu hiyo haihusu kila seva. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 kwa barabara, basi kwenda na kurudi ni milisekunde 5 hivi, ukiacha muda unaotumika kwenye vifaa vya njiani. Mtu anayefungua ukurasa wa benki hawezi kuihisi tofauti hiyo. Kwa hiyo kaa chini na orodha yako, uigawe.

Vinavyostahili kukaa Mombasa ni vifaa vinavyopokea nyaya zenyewe, vihifadhi vya video na kurasa kwa wateja wa Pwani, na mifumo ambayo lazima iendelee hata kiungo cha Nairobi kikikatika: rekodi za wagonjwa hospitalini, mizani na mageti ya yadi ya makontena, simu za ofisi, kamera. Nakala za akiba, hifadhi ya miaka iliyopita, mazoezi ya kompyuta zinazojifunza na hesabu zinazokimbizwa usiku zipelekwe bara. Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Falme za Kiarabu, walipotangaza mwaka 2024 mpango wa kituo cha data nchini Kenya, walikitaja Olkaria, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini na baridi ya Bonde la Ufa. Hawakutaja Pwani.

Tofauti ihesabu kwa fedha. Gawanya umeme wote unaoingia kituoni kwa umeme unaofika kwenye seva. Jibu huitwa PUE. Tuseme una kilowati 100 za seva, na usanifu wa Mombasa unakupa 1.6 huku wa Nairobi ukikupa 1.35. Tofauti ya 0.25 kwa kilowati 100 ni kilowati 25 usiku na mchana, yaani uniti 219,000 kwa mwaka. Ukiweka Sh20 kwa uniti (weka bei iliyo kwenye bili yako), ni Sh4.38 milioni. Sasa weka kando yake bei ya kukodi kiungo cha uhakika cha Nairobi chenye njia mbili tofauti. Kikiwa ghali kuliko hapo, jenga Mombasa bila wasiwasi.

Nairobi nayo ina makato yake. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, feni husukuma hewa nyingi zaidi kuondoa joto lilelile, na ASHRAE hupunguza kiwango cha juu cha joto kinachoruhusiwa kwa seva nyingi kwa nyuzi 1 kila mita 300 ukipita mita 900. Jenereta pia hupoteza nguvu. Hayo Mombasa hayapo.

Kiwanja: chumvi kwanza, joto baadaye

Tofauti ya joto kati ya Nyali, Kisauni, Changamwe na Mazeras ni ndogo. Tofauti ya chumvi ni kubwa mno. Manyunyu ya bahari hutoka pale mawimbi yanapovunjika, na kiasi kinachoanguka hupungua haraka katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni. Jengo linalotazama bahari kuu Nyali au Bamburi hula chumvi nyingi kuliko jengo la Tudor lililo karibu na maji vilevile, kwa sababu kwenye mkono wa bahari hakuna mawimbi ya kuvunjika. Kama huna budi kuwa Nyali kwa ajili ya nyaya, tafuta kiwanja cha nyuma ya majengo mengine, mbali na mstari wa kwanza.

Chumvi ikae kavu, haina neno. Ikilowa ndipo huanza kupitisha umeme na kula shaba. Chumvi ya kawaida hujiyeyusha yenyewe unyevu ukifika asilimia 75, na ile ya magnesi iliyomo kwenye maji ya bahari hulowa hata kwa asilimia 33. Hivyo ndani ya chumba lengo liwe unyevu wa asilimia 40 hadi 50, na vumbi lisiingie.

Karibu na mikoko au mfereji wa maji taka kuna adui wa pili: gesi ya salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Hiyo huigeuza fedha na shaba kuwa nyeusi na kuua saketi ndogondogo. Kabla ya kulipia kiwanja au kusaini mkataba wa pango, tundika vipande vya shaba na vya fedha vilivyosafishwa na maabara, viache siku 30, kisha virudishwe vipimwe. Kiwango kinachokubalika cha unene wa utando wa kutu ni chini ya angstromu 300 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita) kwa mwezi kwa shaba na chini ya 200 kwa fedha. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa na haraka yoyote, kisha mwaka wa pili wanabadilisha bodi za seva bila kujua kwa nini.

Mambo mengine ya kiwanja, kwa ufupi. Epuka mabonde yanayojaa maji ya masika Aprili na Mei, na usiweke chochote cha umeme ghorofa ya chini ya ardhi. Ulizia transfoma iliyo karibu ina uwezo gani uliobaki, na kama laini inatoka upande mmoja tu. Uwe na stima ya fezi tatu. Bili ya kibiashara ya kiwango cha juu ina malipo ya kVA (kipimo cha umeme wote unaouvuta) na faini ukiwa na pawa fakta (sehemu ya umeme huo inayofanya kazi kweli) chini ya 0.9, kwa hiyo kompresa nyingi za zamani bila kapasita za kusahihisha zitakulipisha mara mbili.

Na maji. Mnara wa kupoozea kwa maji huvukiza lita 1.5 kwa kila kilowati-saa ya joto. Megawati moja ni lita 1,500 kwa saa, kabla ya kumwaga yale yaliyozidi chumvi. Ukitumia maji matamu ongeza thuluthi, ukitumia ya kisima chenye chumvi huenda ukahitaji mara mbili. Katika mji ambao mifereji hukauka na watu hununua maji kwa mikokoteni, huo si mpango. Isitoshe, hewa yetu imeshiba mvuke tayari: mchana wa Machi kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji husoma 26 hivi, na maji ya mnara hayatashuka chini ya 29 au 30. Tumia mashine zinazotoa joto kwa hewa, ulipie stima zaidi kidogo, ulale.

Chumba chenyewe: hesabu kabla ya kununua AC

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3, raki mbili (rafu za chuma za kufungia seva), seva zinazokula kilowati 8. Joto la kuondoa ni hivi:

- Seva: kW 8. Kila wati inayoingia hutoka kama joto.
- Hasara ya UPS (mashine ya betri inayoshikilia stima ikikatika): kW 0.6.
- Taa na fundi mmoja: kW 0.2.
- Paa la zege lililo wazi kwa jua, mita mraba 20: kW 1.5.
- Kuta: kW 1.1.
- Hewa ya nje inayopenya kwenye mlango na matundu ya nyaya, tuseme mita za ujazo 100 kwa saa: kW 0.2 ya joto kavu (lile linalopandisha kipimajoto) na kW 0.9 ya kukamua mvuke.

Jumla ni kW 12.5. Tazama hiyo ya mwisho. Mita 100 za hewa ya Mombasa kwa saa huleta lita 1.3 na zaidi za maji kila saa, zaidi ya lita 30 kwa siku, ambazo AC yako lazima izikamue na kuzitoa nje. Ufa wa chini ya mlango unatosha kuleta kiasi hicho.

Sasa, AC huuzwa kwa BTU, kipimo cha joto: kilowati 1 ni BTU 3,412 kwa saa, lakini BTU zilizoandikwa kwenye boksi la AC ya nyumbani zimejumlisha kazi ya kukamua mvuke. Joto kavu linaloondolewa ni kama asilimia 72 tu ya namba ile. Joto kavu la chumba hiki ni kW 11.6, yaani BTU 39,600. Gawanya kwa 0.72 upate 55,000. Mbili za 24,000 hazitoshi, unahitaji tatu zinazofanya kazi na ya nne ya akiba.

Badala ya kununua ya nne, tengeneza chumba. Weka paa la pili la mabati juu ya zege, lenye mwanya wa sentimita 30 unaopitisha upepo, au tandika ubao wa povu wa milimita 50. Utie kivuli ukuta wa magharibi. Piga lipu pande zote mbili, maana matofali ya matumbawe hunywa mvuke. Nailoni nzito ya geji 1000, au rangi ya epoksi, ikae upande wa nje wa kizuia joto, kwa sababu huku kwetu mvuke husukumwa kutoka nje kuingia ndani. Mafundi wengi huiweka ndani kama walivyoona kwenye vitabu vya nchi za baridi. Maji hukusanyika kati na povu hulowa. Ziba kila tundu la waya kwa povu la kuzuia moto, mlango uwe na raba pande zote nne na ujifunge wenyewe.

Baada ya hapo paa linashuka hadi kW 0.3, kuta 0.6, hewa inayopenya inabaki mita 20. Joto kavu ni kW 9.7, na ukigawanya unapata BTU 46,000. AC mbili za 24,000 zinatosha, ya tatu ni ya akiba. Kwa mashine inayotoa kilowati 3 za ubaridi kwa kila kilowati 1 ya stima, bili ya ubaridi inashuka kutoka Sh730,000 hadi Sh580,000 kwa mwaka kwa bei ileile ya Sh20. Ukipita kilowati 15 za seva, acha AC za nyumbani, nunua zile zilizotengenezewa vyumba vya seva, ambazo karibu nguvu zao zote huenda kwenye joto kavu.

Kufunga na kutunza mashine

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini na kusini-mashariki. Mashine za nje basi zikae ukuta wa magharibi au kaskazini-magharibi, zikingwe na jua la alasiri kwa kipaa kilicho angalau mita moja juu yake. Usizipange zikipulizana, na usizifungie kwenye kijichumba cha vizuizi vya wizi chenye matundu madogo: zitavuta hewa yao wenyewe ya moto na kujizima saa tisa mchana wa Februari.

Koili ya bati la alumini juu ya bomba la shaba, ikilowa chumvi, hujila yenyewe. Rangi ya buluu inayokuja nayo dukani ni kinga hafifu. Agiza koili zilizopakwa epoksi kiwandani, au za shaba tupu. Kisha osha. Zima stima, tumia maji matamu ya mfereji kwa nguvu ndogo, kutoka ndani kwenda nje, kila wiki mbili wakati wa kusi kali kati ya Juni na Agosti, na kila mwezi nyakati nyingine. Mashine ya kuoshea magari hulaza bati zote, na maji ya kisima cha chumvi yanaongeza kile unachokiondoa. Ukiona unga mweupe kwenye bati, uharibifu umeshaanza.

Bomba la maji yanayokamuliwa lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita, lisipite juu ya raki, na lisafishwe kwa maji moto na siki kila mwezi. Likiziba kwa ukungu, maji hurudi chumbani.

Weka nyuzi 25. Zile 16 na 18 wanazopenda watu hazimsaidii yeyote: kila nyuzi unayoishusha huongeza stima ya ubaridi kwa asilimia 2 hadi 3, na mlango ukifunguliwa hewa yenye umande wa 24 hukuta chuma cha 18. Usipite 27 pia, maana hapo feni za seva hukaza mwendo na kula kile ulichookoa. Singapore, iliyosimamisha vituo vipya mwaka 2019 na kuviruhusu tena 2022 kwa masharti, ilitoa mwaka 2023 mwongozo wa kuendesha vyumba kwa nyuzi 26 na zaidi, nao hali yao ya hewa haipishani mbali na yetu. Betri za UPS ndizo zinazodekezwa: za risasi hupoteza nusu ya umri kwa kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25, basi zikae chumba chenye ubaridi, si koridoni.

Seva zikiwa chache kuliko uwezo wa AC, kompresa itawaka na kuzima kila dakika chache, maji yaliyobaki kwenye koili yatarudi hewani, na unyevu utapanda hata joto likiwa sawa. Dawa ni kuzima AC moja, kuweka feni kwenye hali ya kujizima na kompresa, na kuongeza mashine ya kukausha hewa ya lita 30 kwa siku. Vihisi vya joto na unyevu vifungwe mbele ya raki, kwenye thuluthi ya juu. Cha ukutani kitakudanganya.

Stima ikikatika

Hewa ya chumba hiki peke yake, mita za ujazo 60, hupanda nyuzi 1 kila sekunde 9 kwa kilowati 8. Kuta na vyuma hupunguza kasi hiyo sana, lakini usitegemee zaidi ya dakika 10. Jenereta huwaka ndani ya nusu dakika; tatizo ni AC, ambazo husubiri dakika 3 hadi 5 kulinda kompresa, na baadhi haziwaki tena mpaka mtu abonyeze rimoti. Hakikisha zinajiwasha zenyewe, na uzipishanishe kwa sekunde 60 ili zisiiangushe jenereta kwa pamoja. Weka feni za ndani kwenye UPS kama mashine inaruhusu.

Mlango usifunguliwe kwa haraka. Seva zinazofanya kazi ni za moto na hazitalowa, lakini swichi za akiba, paneli za nyaya na mashine zilizozimwa ni baridi, na umande utazikalia. Panga programu izime seva zisizo muhimu joto likifika 32, na zote likifika 35. Baada ya kuzima zote, subiri chumba kilingane na joto la nje ndipo ufungue.

Jaribio la kupokea kazi

Usimlipe mkandarasi salio mpaka umejaribu chumba Februari au Machi, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi. Ingiza hita nne za feni za kilowati 2 mahali pa seva, washa AC mbili, acha moja imezimwa, funga mlango. Andika kila dakika 10 joto na unyevu mbele ya raki. Baada ya saa nne joto lisipite 27 na unyevu usipite asilimia 50. Kinga maji ya bomba la AC kwenye ndoo: ukikuta zaidi ya nusu lita kwa saa baada ya saa ya kwanza, kuna ufa mahali. Chukua ubani au moshi wa udi, pitisha kwenye kingo za mlango na matundu ya nyaya, na utauona moshi ukipinda panapopenya hewa. Pazibwe, kisha jaribio lianze upya. Mwisho kata stima kwenye swichi kuu bila kumwambia fundi wa jenereta, ukiwa na saa mkononi.